Baharia Lange na Neno Kubisha

Lugha ya Kiswahili ilizaliwa kandokando ya bahari, na popote ilipokwenda ilikwenda na maji yake. Mtu wa bara ambaye hajapata kuona jahazi hata siku moja husema kwamba mambo yake yanakwenda mrama, kwamba mkubwa wake ameshika usukani, kwamba fulani ametia nanga mahali na hataki kuondoka. Sisi tunaosomesha Kiswahili hapa Kigali, katika nchi isiyopakana na bahari yoyote, twayapokea maneno hayo kama mtu apokeavyo sarafu mkononi: tunajua itanunua nini sokoni, lakini hatuulizi ilifuliwa wapi wala na nani. Nadhani yafaa tuulize, kwa kuwa wanafunzi wetu wanauliza.

Katika maneno hayo lipo moja ambalo limenishughulisha kwa miaka mingi, nalo ni kubisha. Mwanafunzi wa Kigali analijua kwa njia mbili. Analijua mlangoni, maana kila mwenye adabu hubisha hodi kabla ya kuingia. Na analijua katika ugomvi, maana abishaye ni yule akataaye neno la mwenziwe, na mwenye tabia hiyo huitwa mbishi. Maana ya tatu haijui, wala hawezi kuijua kwa kutazama milima. Baharia wa pwani akisema kwamba chombo kinabisha, au kwamba wanapiga bishi, husema kwamba chombo hicho kinakwenda kule upepo utokako.

Jambo hili ni gumu kuaminika kwa mtu asiyelijua. Hakuna tanga liwezalo kukivuta chombo moja kwa moja kuelekea chanzo cha upepo. Nahodha akiuelekeza upepo kwenye omo, tanga hupigapiga kama nguo iliyoanikwa kambani, na chombo husimama, kisha huanza kurudi nyuma. Afanyacho nahodha ni kwenda mshazari. Hukaza demani, akauweka upepo upande mmoja wa omo, akasonga mbele kwa ubavu. Akifika mbali ya kutosha hugeuza, tanga likahamia upande wa pili, akaenda mshazari tena. Ukimtazama kutoka ufukweni utadhani amepotea, maana kila mara anaelekea mahali asipotaka kwenda. Hata hivyo, akisha kugeuza mara kumi au ishirini, yuko kule kule alikokusudia.

Wanafunzi wangu wanafahamu mitumbwi. Wengi wamepata kuziona zile za Ziwa Kivu, mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, ikitoka jioni na taa zake kwenda kuvua sambaza. Lakini mitumbwi ile huenda kwa kafi na kwa injini, tanga haina. Kwa hiyo nilipotaka kuwaeleza kubisha kwa maana yake ya bahari, mchoro wa ubaoni haukutosha. Nilihitaji mtu, mwenye jina na umri, ambaye maisha yake yenyewe yangekuwa mchoro. Nilimpata mbali sana na kwetu, nchini Argentina. Huyo ni baharia Santiago Lange.

Lange alizaliwa tarehe 22 Septemba 1961. Alikulia kwenye mashua, na alipokuwa kijana alisomea usanifu wa vyombo vya matanga nchini Uingereza, hata akawa mtu ajuaye chombo kwa pande mbili, kwa mkono wa kukiunda na kwa mkono wa kukiendesha. Mwaka 1988 alikwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, ambako mbio za matanga zilifanyika katika maji ya Pusan. Alishindana katika aina iitwayo Soling, chombo cha watu watatu chenye mkuku mzito. Alirudi kwao bila medali.

Hapo ndipo msomaji aanze kuhesabu. Katika Michezo ya Barcelona ya mwaka 1992 hakuwamo. Mwaka 1993 na tena mwaka 1995 akawa bingwa wa dunia katika aina ya Snipe, lakini Snipe haikuwa miongoni mwa vyombo vya Olimpiki, na ubingwa wake huo haukumpeleka popote katika Michezo hiyo. Mwaka 1996 alikwenda Atlanta na chombo kingine kabisa, Laser, ambacho huchukua mtu mmoja tu na tanga moja tu. Hakupata medali. Mwaka 2000 alikwenda Sydney. Hakupata medali. Alikuwa anakaribia miaka arobaini, umri ambao wachezaji wengi wa michezo mingine wamekwisha kutundika viatu vyao na kuwa makocha au wazungumzaji wa redioni.

Mwaka 2004, katika Michezo ya Athens, Lange alishika usukani wa Tornado, chombo cha watu wawili chenye viwiliwili viwili vilivyounganishwa, chepesi na chenye mbio za kutisha. Mwenzake alikuwa Carlos Espínola. Walipata medali ya shaba. Lange alikuwa na umri wa miaka 42, na ilikuwa imepita miaka 16 tangu Pusan. Miaka minne baadaye, katika Michezo ya Beijing, ambayo mbio zake za matanga zilifanyika Qingdao, wawili hao walipata shaba tena.

Kisha upepo ukageuka, na safari hii haukugeuzwa na mbingu. Wenye mamlaka ya mchezo waliamua kwamba katika Michezo ya London ya mwaka 2012 vyombo vya viwiliwili viwili visiwemo. Aina ambayo Lange alikuwa ameimudu baada ya miaka mingi ikaondolewa katika orodha kwa kalamu. Walimu wenzangu wataelewa hali hiyo bila maelezo marefu, kwani ni nani kati yetu ambaye hajaona mtaala alioumudu ukibadilishwa?

Vyombo vya namna hiyo vilirudishwa kwa ajili ya Michezo ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016, lakini kwa sura mpya. Chombo chenyewe kilikuwa kipya, Nacra 17, na sharti lake lilikuwa kwamba mabaharia wawe mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Lange akaungana na Cecilia Carranza, ambaye alikuwa amekwisha kushindana peke yake katika Michezo ya mwaka 2008 na ya 2012. Carranza alizaliwa mwaka 1986. Yaani mwenzake alimzidi kwa miaka 25. Hata hivyo katika chombo kidogo hakuna ukubwa wa umri. Wote wawili hujining'iniza nje kwa waya, miguu ukingoni na migongo karibu kugusa maji, ili uzito wao ukizuie chombo kisipinduke. Msomaji aliyepata kufika Lamu siku ya mashindano ya mashua atakumbuka ubao unaotokezwa upande wa joshi, na vijana wanaoukalia kwa kazi iyo hiyo. Elimu ni moja. Waya na ubao ni vifaa tu.

Walipokuwa katika maandalizi, mwaka 2015, Lange aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Alipasuliwa mjini Barcelona, akaondolewa sehemu ya pafu. Chini ya mwaka mmoja baadaye alikuwa katika ghuba ya Guanabara, akishindana na watu ambao baadhi yao wangeweza kuwa wanawe. Naam, wanawe wawili hasa, Yago na Klaus, walikuwa katika Michezo hiyo hiyo, wakishindana kwa chombo cha aina nyingine.

Inafaa nieleze jinsi ushindi unavyohesabiwa, maana bila hilo kisa hakieleweki. Katika mashindano ya matanga mtu hashindi kwa mbio moja. Mbio hukimbiwa nyingi kwa siku kadhaa, na nafasi ya chombo ndiyo pointi zake: wa kwanza hupata moja, wa tano hupata tano. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mwishoni vyombo kumi vilivyo mbele hukimbia mbio ya mwisho, ambayo pointi zake huhesabiwa mara mbili. Katika mbio hiyo ya mwisho Lange na Carranza waliadhibiwa mara mbili. Adhabu ya mchezo huu ni kukizungusha chombo duara zima huku wengine wakipita. Walizunguka, wakarudi katika mstari, wakaanza kubisha upya. Hesabu ilipofungwa Argentina walikuwa na pointi 77; Australia na Austria, waliowafuata, walikuwa na 78 kila mmoja. Medali ya dhahabu ilipatikana kwa pointi moja. Lange alikuwa na umri wa miaka 54. Wanawe walijitupa majini wakaogelea hadi kwenye chombo kumkumbatia baba yao.

Alikwenda tena katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021 kwa sababu ya maradhi ya korona. Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya saba, na yeye na Carranza ndio waliobeba bendera ya nchi yao siku ya ufunguzi. Chombo kilikuwa kimebadilishwa tena, kimewekewa mabawa chini ya maji yanayokiinua hata kikaruka juu ya mawimbi. Medali hawakupata.

Hayo ndiyo maisha ya kazi ya mtu huyu, kwa ufupi. Ninapoyasimulia darasani, siku zote hutokea mwanafunzi akasema: funzo ni kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali ni ya kweli, lakini mimi humrudisha mwanafunzi kwenye neno letu. Uvumilivu peke yake ni kule kuelekeza omo upepo unakotoka na kungoja. Tanga litapigapiga, na chombo kitarudi nyuma pamoja na uvumilivu wako wote. Lange hakuvumilia Soling miaka 28. Alitoka Soling akaenda Snipe, akatoka Snipe akaenda Laser, akatoka Laser akaenda Tornado, kisha Nacra. Kila alipogeuza alikuwa mwanafunzi upya wa chombo kipya, na mara ya mwisho mwenzake akawa binti aliyezaliwa yeye akiwa mtu mzima. Aliyemtazama kutoka ufukweni mwaka 2000 angesema kwamba huyu amepotea njia. Tofauti kati ya mbishi wa darasani na abishaye baharini ni hiyo: wa kwanza hashiki ila upande mmoja, wa pili anajua saa ya kugeuza.

Walakini haifai mwalimu asimulie kisa kama hiki bila kutaja upande wake wa pili. Upepo hauuzwi, lakini tanga lina bei. Argentina ina vilabu vya matanga vya tangu zamani, ina mafundi na ina wafadhili. Mvuvi wa Lamu au wa Unguja, ambaye babu yake alijua kubisha kabla ya aina hizo za mashua kubuniwa, hana mahali pa kulipata chombo cha Olimpiki wala fedha za kukisafirisha. Afrika ya Mashariki haikukosa kabisa: Kenya ilipeleka mashua katika Michezo ya Roma ya mwaka 1960, mbio zikafanyika katika ghuba ya Napoli, lakini wakati ule nchi ilikuwa chini ya Waingereza, na mabaharia wake walikuwa Waingereza. Siku za karibuni jirani zetu wa Msumbiji wametuonyesha njia nyingine. Binti yao Deizy Nhaquile alishindana katika Michezo ya Tokyo kwa chombo cha mtu mmoja, pamoja na wasichana wenziwe wawili waliokuwa katika chombo cha watu wawili. Medali haijafika, lakini wamekwisha kubisha hodi.

Nasi Wanyarwanda tuseme nini? Nchi yetu ilianza kwenda katika Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles, na mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024 ilipokwisha haikuwa imepata medali hata moja ya Olimpiki. Medali tunayoweza kuitaja ni ile ya Michezo ya Walemavu: Jean de Dieu Nkundabera alipata shaba katika mbio za meta 800. Naomba msomaji atazame mwaka na mahali. Ilikuwa mwaka 2004, mjini Athens, wiki chache tu baada ya Lange kupata shaba yake ya kwanza katika mji huo huo. Husemwa kwamba bahari iliko ndiko mito iendako. Maji ya Nyabarongo huingia Akagera, Akagera huingia Ziwa Viktoria, Viktoria hutoa Naili, na Naili huishia katika bahari ile ile iliyo mbele ya Athens. Kwa njia hiyo, hata sisi tusio na pwani tuna maji yetu katika bahari ile.

Lipo na jambo jingine, ambalo kwangu ni zito zaidi. Miaka michache iliyopita mwalimu mwenzangu, ambaye tulikuwa tukigawana vidato vya juu katika somo la Kiswahili, aliugua maradhi ya namna iyo hiyo ya Lange. Alikuwa mdogo kuliko Lange kwa miaka mingi, na hakuwa na matamanio ya medali. Alitamani kumaliza muhula. Alisahihisha insha za wanafunzi akiwa kitandani, kwa kalamu nyekundu na kwa mwandiko uliozidi kuwa mdogo kila wiki. Hakurudi darasani. Ninaposimulia kisa cha dhahabu ya Rio humkumbuka, na hujizuia nisiseme neno lolote litakalomfanya mwanafunzi adhani kwamba wanaopona ni mashujaa na wasiopona wamelegea. Wahenga walisema kwamba jitihada haiondoi kudura. Mwenzangu alibisha vizuri kama baharia yeyote. Njia yake ndiyo iliyokuwa fupi. Insha zile zilisahihishwa zote.

Yeye ndiye aliyekuwa akinihimiza nirudi chuoni. Nina stashahada ya ualimu niliyoipata nikiwa kijana, na kwa miaka mingi iliniongoza vizuri. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya nchi yetu mwaka 2017, miaka kumi baada ya Rwanda kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kazi imeongezeka na elimu inayotakiwa imeongezeka nayo. Wenzangu vijana hunitania: “Mwalimu, ukimaliza kulipa ada utakuwa umekaribia kustaafu.” Nimepiga hesabu, nao hawako mbali na ukweli. Katika shahada hiyo nitakaa benchi moja na watu niliowafundisha irabu. Pamoja na hayo nimekwisha kujaza fomu, na masomo yataanza likizo ijayo. Sitazamii dhahabu. Natazamia kukifahamu chombo kipya, na pengine kupata mwenza wa masomo aliyezaliwa mimi nikiwa tayari nimeshika chaki.

Ninamalizia kwa ombi kwa wanachama wenzetu wa pwani. Maneno ya matanga yanapotea. Omo, tezi, joshi, demani, foromali, bishi: tunayakuta katika kamusi, lakini kamusi haiwezi kutuonyesha mkono unaovuta kamba. Wazee wanaoyajua kwa mikono wangali hai huko Lamu, Pemba, Bagamoyo na Kilwa, na wengi wao ni watu wazima sana. Yafaa walimu walio karibu nao waende na daftari, wawaulize kila kamba na kila ubao jina lake, kisha watuletee sisi wa bara. Injini ikisha kuchukua nafasi ya tanga lote, kubisha kutabaki na maana mbili tu, mlango na ugomvi, na sisi walimu tutakuwa tumeipoteza ile maana moja ambayo mtu wa makamo huihitaji zaidi.

Hapa Kigali tutayangoja maneno hayo. Na mwanafunzi atakayeniuliza neno la bahari lina kazi gani milimani, nitamtuma adhuhuri moja apande kwa baiskeli mlima wa Nyamirambo. Ataona mwenyewe kwamba apandaye kwa kunyoosha hushuka na kusukuma, na apandaye kwa kukata kona, huku na huku, hufika juu angali ameketi.